Kofia Imefika Nyumbani, Mimi Bado

Jumapili, 6 Desemba

Miaka miwili inakaribia tangu nitoke nyumbani. Nilimwacha mke wangu ana mimba changa. Nikamwambia nitarudi kabla hajajifungua. Mtoto sasa anakimbia.

Leo ilikuwa zamu yangu ya simu. Mke wangu akasema subiri, mwanao huyu hapa, msalimie. Nikasikia vimiguu vinakuja. Nikasafisha koo. Mara nikasikia mlango unafunguliwa kule, na mtoto akapiga kelele kwa furaha: "Baba!"

Si mimi. Shemeji! Kaka wa mke wangu. Alikuja kwangu kukaa wiki moja huku anatafuta kazi. Anaitafuta mpaka leo, akiwa amelala. Amekalia kiti changu. Amevaa ndala zangu. Sasa amechukua na jina.

Nikamwuliza mke wangu maana yake nini. Akasema usikasirike, ni mtoto tu, mwanaume yeyote akiingia mlangoni anamwita baba. Mwanaume yeyote! Nikauliza wanaingia wangapi. Akasema unaona sasa, ndiyo maana sipendi kuongea na wewe ukiwa na hasira. Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Basi. Krismasi hii niko nyumbani, hata kwa kuogelea.

Njia ni moja. Hii ni meli ya misheni: juu kanisa, katikati zahanati, chini sisi. Sisi wa chini likizo tunaisikia kwenye mkataba. Lakini kila Krismasi Mchungaji na familia yake wanashuka kwenda kwao, na wanachukua mfanyakazi mmoja awabebee masanduku. Akiyafikisha yuko huru mpaka wao warudi. Treni yao inasimama stesheni ya kwetu! Mwaka jana alikwenda fundi wa mashine, akarudi amenenepa.

Anayechagua ni Mama Mchungaji. Ana jicho kali na moyo laini. Nitaushughulikia moyo.

Mshindani ni mmoja, Mpishi. Anatoka mji unaofuata baada ya kwetu. Mvivu, mnafiki, na ana tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema.

Jumanne, 8 Desemba

Kazi yangu ni kukwangua kutu na kupaka rangi. Nikifika nyuma ya meli, mbele kumeota kutu upya. Ningekuwa kutu ningeshakuwa nahodha.

Saa ya mapumziko nilikaa nyuma ya winchi namalizia mwanasesere wa binti yangu. Nimemfuma kwa kamba kuukuu ya kufungia meli. Nywele nimezichambua uzi mmoja mmoja. Gauni ni kitambaa cha kufutia rangi, nimekifua mpaka kikasahau kazi yake ya zamani. Wiki tatu nzima. Mzuri mpaka namwonea haya.

Wakaja mapacha wa Mchungaji. Wasichana, wamekulia melini, wanatembea wametanua miguu kama mabaharia wazee. Wakamwona. Wakasimama. Midomo wazi. Nyuma yao Mama Mchungaji.

Akauliza umemtengeneza mwenyewe? Ni wa nani?

Hapo akili yangu ikafanya kazi haraka. Nikaona: mtu akipendwa na watoto, mama yao atamwacha? Nikasema ni wa hawa hawa, Mama, nimewafumia wao. Wakaruka juu. Wakaondoka wanamvuta, mmoja kichwa, mmoja miguu. Nikageuza uso nisione.

Mama Mchungaji akanitazama sana. Akauliza je, wewe baba, una watoto? Nikaona huo mtego. Mwenye watoto ana mawazo mengi, anaweza kudhaniwa atachelewa kurudi. Nikasema aa, Mama, mimi na kazi tu. Kazi ndiyo mke, kazi ndiyo mtoto. Akasema masikini.

Ameguswa! Nimeanza vizuri. Nitamfumia binti yangu mwingine. Kamba zipo.

Alhamisi, 10 Desemba

Kwaya ya Krismasi haina sauti ya nne, ile nzito ya chini. Nimejiunga.

Mazoezi ni kwenye chumba cha kulia. Mchungaji ni mrefu kuliko milango yote ya meli hii. Miaka yote anaishi humu na bado kila akiingia anagonga kichwa, halafu anasema asante Bwana. Leo kagonga mara mbili, kuingia na kurudi kuchukua miwani.

Mpishi naye kaja! Kumbe na yeye anapiga mahesabu. Akasimama karibu na Mama Mchungaji na tabasamu la siagi. Mchungaji akasema haya, sauti ya nne, tusikie. Mpishi akaimba. Ilikuwa kama mfuniko wa sufuria umeanguka kwenye ngazi na unaendelea kushuka. Mama Mchungaji akamwambia taratibu kwamba kwaya inahitaji pia watu wa kupanga viti.

Mimi nikaimba. Sikuwahi kujua. Miaka yote nimeitumia sauti hii kugombana na watu, kumbe ina matumizi mengine. Vikombe vilitetemeka. Mchungaji akavua miwani. Akasema ndugu yangu, ulikuwa wapi siku zote? Nikasema chini, Mchungaji, kwenye kutu.

Wamenipa kipande cha kuimba peke yangu. Mpishi kapanga viti kwa kelele za makusudi. Nikimpita akaninong'oneza, "Imba, kaka, imba. Chura naye huimba, nani amempeleka Krismasi?" Sijaelewa alichomaanisha. Wivu tu.

Jumamosi, 12 Desemba

Kesho wanachagua. Leo ilikuwa siku ya kummaliza Mpishi.

Jumamosi familia inakula pamoja na wakubwa wote: Nahodha, Daktari, kila mtu. Supu. Mpishi akatoka kwenda kuvuta sigara, mimi nikaingia na kopo la maji ya bahari. Nikamwaga. Nikaona halijatosha. Nikamwaga la pili.

Nilisimama mlangoni najifanya napaka rangi fremu. Nahodha akaonja, akaweka kijiko chini. Daktari akaonja, akachukua kijiko cha Nahodha akakiangalia kama kina ugonjwa. Binti mkubwa wa Mchungaji akasema Mama, hii ni bahari. Mchungaji peke yake alimaliza bakuli, jasho linamtoka, halafu akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa subira.

Hapo nikajitokeza. Nikasema samahani waheshimiwa, nina maharage yangu chini, nilijipikia. Nikaleta sufuria nzima. Yalikuwa yameiva tangu saa tisa, yanasubiri. Walikula mpaka wakafuta sufuria kwa mkate. Kijiko cha Mchungaji hakikupumzika. Mama Mchungaji akasema ajabu, mtu mmoja anajua kuimba, kufuma na kupika! Nahodha akasema meli nzima ingekuwa na watu kama huyu.

Mpishi aliitwa. Alisimama pale ananawa mikono hewani. Hakujitetea. Akainamisha kichwa akasema nisameheni, nawafikiria watoto. Eti watoto! Mnafiki mkubwa.

Nimeshapakia begi.

Jumapili, 13 Desemba

Siwezi kuandika vizuri. Hasira tupu.

Baada ya ibada Mama Mchungaji akatuita. Akasema mwaka huu anayekwenda ni Mpishi. Nikadhani anatania. Mama hatanii.

Akaeleza, tena kwa upole, ndiyo ikaniuma zaidi. Mpishi amechoka, mpaka supu inamshinda, ni mawazo ya watoto wake, akawaone. Halafu akanigeukia. Akasema wewe tunakuhitaji hapa. Kwaya ya wanaobaki bila wewe ni nani? Na jikoni atashika nani? Na isitoshe, baba, wewe mwenyewe ulisema huna anayekungoja.

Huna anayekungoja!

Nikataka kusema. Nikaona nikisema sasa nitaonekana mwongo. Nikasema asante, Mama.

Nje Mpishi akanishika bega. Akasema ile supu, kaka, ilikuwa na ladha nzuri sana ya bandarini. Akacheka kabla sijajibu. Alijua! Alijua na akanyamaza! Hivi ndivyo watu wabaya wanavyofanikiwa.

Kwa hiyo ninakwanguliwa kutu na kupika. Yaani nakwangua. Hata maneno yanakataa.

Jumanne, 15 Desemba

Wameondoka. Masanduku kumi na moja, na yote nimeyateremsha mimi hadi kwenye gati kwa sababu Mpishi alisema anautunza mgongo wake kwa safari.

Mapacha walilia. Hawataki kwenda. Nyumba yao ya nchi kavu wanaiita ile meli mbovu, kwa sababu haiendi. Mama Mchungaji mwenyewe alikuwa ana furaha mpaka anaimba: bustani yake, kitanda chake kipana, majirani. Mchungaji akasema atafurahi kuona milango mirefu, akageuka kuaga, akagonga kichwa.

Nimemeza kiburi nikampa Mpishi yule mwanasesere wa pili. Si mzuri kama wa kwanza, nilimfuma kwa siku tano na kwa hasira, uso wake umekunja ndita. Nikamwambia ukishuka stesheni ya kwetu, uliza nyumba yangu, mkabidhi binti yangu mkononi. Akaacha kucheka. Akasema una binti? Nikasema fanya ulichoambiwa.

Treni ilipoondoka pale gatini ndipo nikagundua kofia yangu haipo msumarini. Ile ya bluu yenye matone ya rangi ya chungwa. Nimeivaa tangu siku ya kwanza ya kazi, na ndiyo niliyopigia ile picha niliyowatumia, iliyoko ukutani nyumbani. Nikakumbuka nimeiona. Ilikuwa dirishani mwa treni, juu ya kichwa cha Mpishi, inapunga.

Mwizi!

Ijumaa, 25 Desemba

Nimeimba. Mimi peke yangu, mbele ya Nahodha mwenye mafua, fundi wa mashine aliyelala, na Daktari. Daktari alisema koo langu linavutia na anaomba kulichungulia. Bandarini watu wako sikukuu, hakuna mgonjwa hata mmoja anayepanda, naye anatuangalia kama paka anavyoangalia samaki.

Nikapika. Wakasifu. Nikaosha vyombo. Simu ilikuwa na msururu, ilipofika zamu yangu laini zikajaa. Kule nyumbani shemeji yuko kwenye kiti changu na mguu wa kuku.

Krismasi njema, mimi.

Jumatatu, 4 Januari

Wamerudi! Walitakiwa kukaa mpaka mwisho wa mwezi.

Mpishi kasimulia jikoni, na mimi nilijifanya sisikilizi. Nyumba imewashinda. Mapacha hawakulala, kitanda hakiyumbi. Mchungaji akawa anakitikisa kwa mguu huku anasoma. Binti mkubwa akiona chumba anauliza kwanza boti za kuokolea ziko wapi. Mama Mchungaji, yule aliyekuwa anaimba, kila jioni alijikuta anafunga viti kwa kamba na kupanga vikombe ndani ya sinki ili visianguke. Majirani wakawa wanachungulia. Siku ya Krismasi Mchungaji alihubiri akiyumba kushoto na kulia, kama alivyozoea, mpaka mzee mmoja wa kanisa akamsogelea kunusa. Mwishoni Mama akakaa bustanini akalia, akasema nimeota hapa miaka yote, mbona sipo? Wakafunga masanduku kwa pupa, wakampigia Mpishi simu, na sanduku moja wakalisahau.

Nimechukia sana. Mtu ana nyumba, ana likizo, ana treni, halafu analia! Nipeni mimi hiyo nyumba. Nitalala hata kwenye sinki.

Nikamwuliza Mpishi, kwa ukali, mzigo wangu je?

Akasema alishuka stesheni akauliza, akaelekezwa. Alipofika uani mtoto alikuwa anacheza. Akainua macho, akaona kofia. Akachungulia mlangoni picha ya ukutani, akatazama kofia. Akatupa kila alichoshika. Akaja mbio, kaanguka, kainuka, kamkumbatia miguu. "Baba!"

"Nikamwambia mimi si baba, mimi ni rafiki wa baba," Mpishi akasema. "Akakataa katakata. Shemeji yako akasema hapana, mtoto huyu kila anayeingia anamwangalia kwanza na picha, kisha anajaribu. Anajaribu jina, kaka, aone nani ataitika."

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu mengine hayakuwa ya kucheka. Mtoto hakutaka kuachia kofia, Mpishi akaiacha. Sasa analala nayo, na mwanasesere ndani yake. Na mke wangu kanitumia maneno: mwambie aache ujanja, aombe ruhusa tu, kama watu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamenya vitunguu vingine, ingawa vilishatosha.

Halafu nikamwambia Mpishi ukweli wake. Umeiba kofia yangu. Umeitwa baba na mwanangu, kwa kofia yangu. Umekumbatiwa na mwanangu, na mimi hapa nakaanga vitunguu vyako. Akasema sawa, kaka. Hakucheka. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 7 Januari

Kuomba tu! Mke wangu ni mtu mzuri ila dunia haijui. Ukiomba unaambiwa soma mkataba. Mtu mwenye akili hujeruhiwa.

Leo asubuhi nimeanguka kwenye ngazi ya sitaha. Kwa utaratibu. Nilianza ngazi ya pili kutoka chini. Nikapiga kelele kwa sauti ya nne. Mpango: Daktari aone mguu, aandike mtu huyu hafai, arudishwe kwao akapumzike.

Daktari alikuja mbio, nywele wima, macho yanang'aa. Wiki tatu bila mgonjwa! Akabonyeza, nikapiga yowe. Akabonyeza kwingine, nikapiga yowe kubwa zaidi ili kuwa na uhakika. Akasema ni mfupa, anausikia kabisa kwa vidole. Nikauliza picha ya mfupa je? Akasema mashine imeharibika, lakini mikono yake haijawahi kumdanganya.

Amenifunga plasta ngumu kuanzia kidole gumba mpaka pajani. Ameifunga kwa mapenzi kama anapamba keki. Mapacha wamechora samaki juu yake.

Naona nyumbani kwa mbali!

Ijumaa, 8 Januari

Mama Mchungaji alikuja kitandani, mapacha nyuma yake. Uso umejaa huruma na hasira pamoja. Akakaa. Mkononi ana yule mwanasesere wa kwanza, mguu mmoja umechakaa.

Akasema Mpishi amenieleza kwenye treni. Una binti hujawahi kumwona. Ulimfumia yeye, ukawapa wanangu. Kwa nini hukuniambia, baba? Ungesema neno moja. Moja tu! Mimi nimetoka kulia bustanini kwa nyumba nisiyoiweza, na wewe unanyamazia yako.

Nikakosa pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye samaki.

Halafu akasema, na hapa naandika polepole: lile sanduku lililosahauliwa lazima lifuatwe. Nimezungumza na Nahodha, amekubali. Uende wewe. Kesho. Ukae kwenu wiki mbili kwanza, ndipo ulilete. Nilikuja jana kukwambia, nikakuta unafungwa plasta. Pole sana. Mguu huu hauwezi treni wala sanduku. Basi itabidi aende Mpishi.

Nikaruka kukaa. Nikasema Mama, mguu ni mzima! Sikuvunjika! Nilijiangusha, ngazi ya pili tu! Nilikuwa nadanganya!

Nimesema ukweli. Mbele ya mashahidi. Nikasimama kitandani nikauchezesha huo mguu waone, plasta ikanizidi uzito, nikadondoka.

Daktari akaingia mbio akanishika kichwa. Akamwambia Mama kwa sauti ndogo kwamba ni kawaida, mshtuko wa mfupa, mgonjwa husema maneno. Nikasema kateni kitu hiki muone! Akasema siku arobaini, asiiguse mtu, mfupa nimeushika mimi mwenyewe. Mama Mchungaji akanipapasa mkono. Akasema usijilaumu hivyo, baba. Wewe huwezi kudanganya.

Mchungaji akaja kuniombea. Akagonga kichwa.

Jumamosi, 9 Januari

Mpishi ameondoka na treni ya asubuhi. Nimempa yule mwanasesere wa kwanza, Mama Mchungaji alimrudisha na mapacha wakaridhia baada ya kuahidiwa wengine wawili. Nikamwambia Mpishi asiingie na kofia ya aina yoyote. Aingie kichwa wazi, aseme jina lake waziwazi mlangoni, na asibebe mtoto kwa zaidi ya dakika moja. Akasema sawa, baba watoto. Akacheka. Afadhali amerudia hali yake.

Mimi nimewekwa jikoni, kwenye kiti, mguu juu ya gunia la viazi. Namenya. Jua la dirishani linanipiga utosini, sina kofia.

Nimepata muda wa kufikiri na nimeliona kosa. Kosa halikuwa ujanja. Ujanja ulikuwa safi. Kosa lilikuwa mguu. Mguu unafungika. Mgongo je? Mgongo hauonekani ndani, Daktari hawezi kuushika, na mtu wa mgongo hapiki wala haimbi. Nitaanza kulalamika kidogo kidogo mwezi wa pili, nipinde kiasi mwezi wa tatu. Leo nimejaribu mlio mmoja mdogo wa mgongo. Daktari alisikia akiwa ghorofa ya juu, sasa hivi nasikia anashuka ngazi mbili mbili na kitu kinachogongana kama mbao.

Hakuna shida. Pasaka niko nyumbani. Kofia itunzwe, nakuja kuivaa.